Anayekuja Washington aanze na kijitabu cha mihuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niongezee neno kwenye makala yenu ya safari kuhusu jiji la Washington. Mwandishi aliitaja Ikulu ya Marekani, jengo la Bunge, sanamu ya Lincoln na maduka ya kununulia zawadi. Yote hayo yapo na yanastahili kuonwa. Lakini msomaji wenu anayekuja kumtembelea ndugu yake huku, akifuata orodha ile, atarudi nyumbani na picha nyingi bila kupiga hodi kwenye nyumba moja ya watu weusi wa damu yake.

Mimi naishi Maryland, jirani kabisa na jiji hilo. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, na siku za mapumziko mimi na binti yangu tunazunguka kwenye sehemu za urithi tukikusanya mihuri. Ombi langu kwa wasomaji ni moja: ukifika huku, tafuta kijitabu cha mihuri kabla hujaanza kutembea, kwa sababu kitakupeleka mahali ambapo basi la watalii halisimami.

Niwaeleze wasiokijua. Idara ya hifadhi za taifa ya Marekani haitunzi milima na misitu peke yake. Inatunza pia nyumba za watu mashuhuri, viwanja vya vita, makaburi na makumbusho, jumla sehemu zaidi ya 400. Tangu mwaka 1986 kuna kijitabu chenye umbo la pasipoti ambacho kurasa zake zimegawanywa kwa kanda za nchi, kila kanda na rangi yake. Kila sehemu ina muhuri wa mviringo: jina lake juu, mji na jimbo chini, tarehe ya siku hiyo katikati. Unanunua kijitabu mara moja tu. Kugonga muhuri ni bure. Mara nyingi muhuri unaukuta kwenye meza ya kituo cha wageni au kwenye duka la vitabu, na pengine inabidi umwombe mhifadhi akutolee. Tarehe inageuzwa kwa mkono, na zipo siku unakuta bado ni ya jana, kwa hiyo iangalie kwanza. Jaribu kwenye karatasi ya pembeni ujue wino umekolea kiasi gani, kisha gonga kwenye kijitabu kwa kubonyeza sawasawa pande zote, na usikifunge mpaka wino ukauke. Binti yangu hupuliza mpaka mashavu yanauma.

Sehemu ninayompeleka kila mgeni wangu ni Cedar Hill, nyumba ya Frederick Douglass. Iko juu ya kilima mtaa wa Anacostia, ng'ambo ya mto, na mgeni hawezi kuiona asipokusudia kwenda. Douglass alizaliwa mtumwa hapahapa Maryland, akatoroka mwaka 1838, akawa mwandishi na mhutubiaji ambaye marais walimsikiliza. Nyumba hii aliinunua mwaka 1877 na aliishi humo mpaka alipofariki Februari 1895. Ndani kuna maktaba yake, meza aliyoandikia na fidla aliyokuwa akiipiga. Nyuma ya nyumba kuna kibanda kidogo cha mawe alikokuwa akijitenga asome na kuandika bila kusumbuliwa. Ukisimama barazani unaona jiji zima chini yako, pamoja na kuba la Bunge.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alipokuja kututembelea alitaka tu kupigwa picha mbele ya Ikulu. Tulimpiga, kisha nikampeleka Cedar Hill. Alizipanda zile ngazi taratibu, akipumzika kila baada ya hatua chache, na sikumharakisha. Mwongozaji alitueleza kwamba Douglass hakuwahi kuijua siku aliyozaliwa. Bwana aliyemmiliki aliandika kwenye daftari lake kuwa ni Februari 1818, basi, bila siku, na hata hilo mwenyewe hakuambiwa. Alipokuwa mtu mzima alijichagulia tarehe 14. Binti yangu, aliyekuwa ameshika kijitabu tayari kwa muhuri, akauliza: "Kwa hiyo hakuna aliyemwandikia tarehe yake?" Mjomba akamjibu, "Mtumwa alikuwa mali, mama. Ng'ombe naye huandikwa mwezi tu." Mtoto aliitazama ile tarehe ya muhuri kwa muda kabla hajaigonga. Mimi nimesoma historia ya utumwa shuleni nikajibu mitihani yake, lakini sijui kama iliwahi kuniingia kama ilivyomwingia yeye pale mezani.

Na nyumba ile isingekuwepo leo bila Helen Pitts Douglass, mke wa pili wa Douglass. Baada ya mumewe kufariki alihangaika kuitunza isiuzwe, na mwaka 1900 Bunge likaidhinisha chama cha kuilinda. Alipoondoka duniani wanawake weusi wa vyama vyao waliubeba mzigo huo, mpaka serikali ilipoichukua nyumba mwaka 1962. Makumbusho mengi huwa na mtu kama huyu nyuma yake, na jina lake halimo kwenye muhuri.

Kijitabu kikishakufikisha hapo hakikuachi. Ukurasa wa kanda hiyohiyo una nafasi ya Carter G. Woodson, ambaye nyumba yake iko mtaa wa Shaw, barabara ya tisa. Wazazi wake walikuwa watumwa. Yeye alichimba makaa ya mawe akiwa kijana, na mwaka 1912 akapata shahada ya uzamivu (PhD) ya chuo kikuu cha Harvard. Mwaka 1926 alianzisha wiki ya historia ya watu weusi, ile iliyokuja kuwa mwezi mzima, na aliiweka Februari kwa sababu Lincoln alizaliwa tarehe 12 na Douglass tarehe 14. Yaani tarehe aliyojichagulia mtu aliyenyimwa tarehe, leo taifa zima linaifuata. Si mbali na hapo kuna nyumba ya Mary McLeod Bethune, aliyefungua shule ya wasichana huko Florida mwaka 1904 akiwa na dola moja na nusu mkononi, kisha mwaka 1935 akaunda baraza la taifa la wanawake weusi.

Mwenye muda na gari avuke daraja la ghuba ya Chesapeake aende Church Creek, kwenye kituo cha Harriet Tubman. Hapa hakuna jumba la kifahari. Ni tambarare, vinamasi na misitu, na kiangazi mbu hawakuachi. Lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa njia yake. Tubman alitoroka utumwani mwaka 1849, na badala ya kukaa salama kaskazini akarudi mara zipatazo 13 kuwatoa ndugu na jamaa, watu karibu 70, wengi wao wakati wa majira ya baridi usiku unapokuwa mrefu. Nenda Novemba au Desemba utaelewa. Upepo unaotoka kwenye maji yale unapenya koti, na hao walipita bila koti, wengine wamebeba watoto wachanga waliopewa dawa ya usingizi wasilie. Nilimwambia binti yangu tutembee kidogo nje kabla ya kuingia kwenye joto la kituo. Hakulalamika.

Harpers Ferry, inapokutana mito ya Potomac na Shenandoah, wengi wanaijua kwa sababu ya John Brown, mzungu aliyepinga utumwa, na shambulio lake la Oktoba 1859 kwenye ghala la silaha la serikali. Mimi huwaeleza wageni zaidi habari za Agosti 1906, pale msomi mweusi W. E. B. Du Bois na wenzake walipokutana huko kudai haki sawa, wakavua viatu na kwenda peku hadi kwenye kile kijengo ambamo Brown alijihami, kama mtu anayeingia mahali patakatifu.

Nitatoka kidogo nje ya kanda yetu niitaje New York, maana wageni wengi hushukia huko. Mwaka 1991 wajenzi wa jengo la serikali katikati ya Manhattan waligundua makaburi ya Waafrika wa karne ya 17 na 18. Mifupa ya watu zaidi ya 400 ilitolewa, ikachunguzwa, na mwaka 2003 ikazikwa tena palepale kwa heshima. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mtu mzima mwenye meno yaliyochongwa, na kiunoni alikuwa na shanga za kioo zaidi ya 100 na simbi. Kwa mwanamke wa kwetu hayo hayahitaji mkalimani. Nilisimama mbele ya maelezo yake nikamkumbuka bibi yangu, na mhifadhi aliponiuliza kama nahitaji msaada, nilishindwa kujibu. Muhuri wa pale upo kwenye kijitabu changu, na ndio ninaowaonyesha watu kwanza.

Nakiri wapo wanaouona mchezo huu kuwa wa kitoto, au wa watu wanaokimbizana na idadi. Nimewaona hao wa pili: anaegesha gari, anaingia na kijitabu mkononi, anagonga, anatoka, hajainua hata macho kuangalia ukutani. Jambo hilo linaniuma. Lakini dawa yake ni kuwa na utaratibu. Nyumbani kwetu muhuri ni wa mwisho. Kwanza tunatembea, tunasoma, tunamsikiliza mwongozaji, tunauliza. Ndipo tunakwenda mezani. Na njiani kurudi, kila mmoja anaandika kwa penseli, pembeni ya muhuri wake, jambo moja alilolijua siku hiyo. Maandishi ya binti yangu ya miaka ya nyuma yana makosa ya tahajia ambayo sitaki ayasahihishe. Watoto wana pia programu yao ya bure: wanapewa daftari la maswali kuhusu mahali walipo, wakimaliza wanainua mkono wa kulia, wanakula kiapo mbele ya mhifadhi na kupewa beji. Mzazi anayelalamika kuwa mtoto hataki kuingia makumbusho ajaribu hilo kwanza.

Sasa kuna onyo, na hili naomba msilikate, Mhariri. Mihuri hii isiguse kabisa pasipoti yako ya kusafiria. Siku ile Cedar Hill, mjomba aliona binti yangu anagonga naye akatoa pasipoti yake mfukoni. "Mjomba, hiyo rudisha," nikamwambia. "Kwani ubaya uko wapi? Si ukumbusho?" Mhifadhi mwenyewe akamkatalia kwa upole, akamgongea kwenye karatasi nyeupe. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, na wanaoruhusiwa kugonga humo ni maofisa wa uhamiaji. Muhuri wa utalii unaweza kufanya ofisa wa uwanja wa ndege aihesabu pasipoti hiyo kuwa imeharibiwa. Wapo wasafiri waliowahi kuzuiwa kupanda ndege kwa sababu ya muhuri wa ukumbusho wa Machu Picchu. Kwa sisi tunaopata viza kwa jasho, hiyo si hatari ya kuichezea. Kama huna kijitabu, karatasi inatosha. Utaikata na kuibandika baadaye. Mjomba alifanya hivyo, na karatasi yake aliiweka ndani ya Korani ndogo anayosafiri nayo ili isikunjike.

Kwa atakayeamua kuja, mambo mawili matatu ya kujiandaa. Ndani ya nyumba ya Douglass huingii bila mwongozaji, na nafasi ni chache, hivyo weka yako mapema. Church Creek usitegemee usafiri wa umma, tafuta mwenyeji mwenye gari. Baadhi ya nyumba hizi ni kongwe na hufungwa kwa muda mrefu kwa ukarabati, kwa hiyo fungua tovuti ya idara ya hifadhi usiku wa kuamkia safari, na kama hujaelewa, piga simu. Hawajawahi kunijibu vibaya.

Shule za huku hufunga Juni, na hapo ndipo ndugu wengi hutufikia. Ningeshukuru, Mhariri, barua hii ikipata nafasi kabla ya mwezi huo.

Mama wa mkusanya mihuri,
Maryland, Marekani