Salamu za Shukrani

Sisi watoto, wajukuu na ndugu wa marehemu mama yetu, mwalimu mstaafu wa Ng'ambo, Unguja, tunawashukuru kwa dhati nyote mliokuwa nasi tangu kuuguza hadi mazishi. Kumfikia kila mmoja hatutaweza. Tunaomba mzipokee shukrani hizi kwa pamoja.

Shukrani za pekee kwa mapadri wa Minara Miwili (Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu), masista, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), wanakwaya na sheha wetu. Majirani Waislamu mlitandika majamvi kabla hatujaomba, mkapika na mkatoa ubani. Ahsanteni sana.

Lakini waliotushangaza ni wanafunzi wake. Walijaa hadi uchochoroni. Mmoja alikuja na daftari lake la utotoni, lina mwandiko wa mama kwa wino mwekundu: "Andika tena, polepole."

Mama, binti wa mchukuzi wa bandarini, alisoma skuli ya Konventi ya Mtakatifu Yosefu, akipita Darajani kila asubuhi kwenda kukaa dawati moja na mabinti wa Kigoa. Serikali ilipotaifisha skuli mwaka 1964, na Konventi baadaye ikawa Skuli ya Tumekuja, yeye alikwishaamua kuwa mwalimu, akafundisha skuli za Serikali hadi kustaafu. Ndipo akaingia chekechea ya parokia: chumba kimoja, mkeka, na karai la maji mlangoni. Watoto wengi walikuja pekupeku, naye hakutaka yeyote aone haya kukanyaga mkeka. Asiye na ada alileta kuni, na kuni hizo ndizo zilizopika uji wa wote.

Akiulizwa mbona hachagui watoto kwa dini zao, alianza na 1860, Padri Fava alipofika Unguja kutoka Réunion pamoja na masista. Miaka mitatu baadaye wakaja Mapadri wa Roho Mtakatifu, na watoto waliokombolewa utumwani wakafundishwa kusoma, useremala na uhunzi. "Skuli zetu zilianza na wasio na kwao," alikuwa akisema. Wajukuu wanaijua hadithi hiyo kwa moyo, hata mahali pa kukohoa.

Anayemdai marehemu afike nyumbani tumalizane. Misa ya arobaini itasomwa Minara Miwili. Siku mtaarifiwa kupitia jumuiya, na majirani tutawapitia mlango kwa mlango.

Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.