Vyombo vidogo visikatize mbele ya meli bandarini Malindi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze hofu inayonipata kila nionapo ngarawa na boti za watalii wa kisiwa cha Changuu zikikatiza mbele ya meli za mizigo zinazoingia bandari ya Malindi, hapa Unguja.

Wengi wa ndugu zetu wavuvi huamini kwamba nahodha akiwaona atasimamisha meli. Mimi nimeshika usukani wa meli za mwambao kwa miaka mingi, na nasema kwa yakini kwamba meli haina breki. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2002 kinataka meli kubwa iliyo katika mwendo wake kamili, ikirudishwa mashine nyuma kwa nguvu zote, kwa kawaida isimame kabla haijapita urefu wake mara 15; kwa meli ya mita 120, hizo ni mita 1,800. Bandarini mwendo huwa mdogo, na hapo ndipo watu hudanganyika, kwani usukani hupata nguvu kwa maji yanayosukumwa na rafadha, yaani panga za chini ya maji zinazoendesha meli, na mashine ikirudishwa nyuma nguvu hiyo hupotea, omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, ikaanza kugeuka yenyewe, mara nyingi kuliani, huku upepo wa kusi na mkondo wa bamvua vikiisukuma zaidi. Nahodha anayekuhurumia huenda akaileta meli palepale ulipokimbilia.

Asubuhi moja tulikuwa tunaingia polepole, fungu la mchanga liko kushoto kwetu, ngarawa ikakatiza. Nahodha alipiga honi tano fupi. Mvuvi akatupungia mkono. Kisha ngarawa ikatoweka, kwa sababu ukiwa chumba cha usukani huyaoni maji yaliyo chini ya omo, na kwa meli kubwa kanuni zenyewe zinakubali hadi mita 500 zifichike. Hakuna aliyesema neno mpaka ncha ya tanga ilipochomoza upande wa pili. Mle ndani alikuwamo mtoto, anafua maji kwa kopo.

Kanuni za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 ziko wazi: chombo kisichofika mita 20, na chombo cha tanga, kisiizuie meli isiyoweza kupita salama ila ndani ya njia nyembamba. Lakini nani amemweleza mvuvi haya? Nawaomba wahusika wa bandari wakae na wazee wa madiko, Malindi na Mkokotoni, na kule Pemba Wete na Mkoani, wafundishe kwamba honi tano fupi si salamu, bali nahodha ana shaka na unachokusudia. Wanaovua usiku wawashe taa mapema. Na manahodha nao wapige honi wakati ngarawa ingali mbali, kwani nimeshuhudia wakichelewa.

Anayetaka kuvuka asubiri meli ipite, avuke nyuma ya tezi, yaani nyuma kabisa ya meli, tena kwa mbali, maana maji ya rafadha nayo hupindua ngarawa.

Baharia mstaafu,
Malindi, Unguja