Kila mwanachuo na jiko lake, urafiki utatoka wapi?

Mhariri salaam, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo la wanachuo kukaa wapweke nimeshaliongea na majirani mpaka wamenichoka.

Mimi nina vyumba vya kupangisha huku Magomeni, Mtwara mjini, na wapangaji wangu karibu wote ni wanachuo. Kila ikifika Oktoba Novemba, wakati mji umechangamka na hela za korosho, ndio fasti yia, wale wa mwaka wa kwanza, wanashuka na mabegi, huyu katoka Kagera, yule Njombe, mwingine Mbagala tu hapo, joto linawapokea kabla hata sijawapa funguo. Magazetini tunasoma sana habari za mikopo, ada na uhaba wa hosteli, sawa, ila sijaona anaeandika kuhusu mtoto anaemaliza mwezi mzima chuoni hana hata mtu mmoja wa kumwambia leo naumwa. Wapo, tena wengi. Anatoka asubuhi hedifoni masikioni, jioni anarudi, mlango pu, ndo imetoka hiyo mpaka kesho.

Watu wanasema simu ndio zimewaharibu. Mi naona simu zinasingiziwa, kilichobadilika hapa kwangu ni jiko. Miaka ya nyuma wapangaji walikuwa wanapika uani kwa jiko la mkaa moja au mawili, mmoja katoa hela ya mkaa, mwingine kaenda feri kufata dagaa, asiekuwa na kitu anasonga ugali, sinia likitua wote mikono ndani. Hapo ndio mgeni anaulizwa kwenu wapi, lekcha wa leo ulimuelewa, mbona huli, na asipotokea jioni mtu anaenda kumgongea mlango. Siku hizi kila mmoja anakuja na mtungi wake mdogo wa gesi (na gesi yenyewe sasa, Mnazi Bay inakochimbwa iko hapa jirani, bomba limefika Dar tangu 2015, mtaani kwangu bado tunaletewa mitungi na bodaboda, haya tuyaache hayo) anakaanga mayai yake mawili humo humo chumbani dirisha limefungwa, jasho linamtoka, anakula kakaa kitandani. Achilia mbali hatari ya moto.

Mwaka jana nilikuwa na kijana mmoja wa Kagera, mpole, salamu yake "shikamoo mama" basi hamna la pili. Gesi ikamuishia na bumu, hela ya mkopo ya kujikimu, halijaingia. Najua hela ya chakula na malazi ilipanda kutoka 8,500 mpaka elfu kumi kwa siku, lakini inakuja kwa mkupuo na ikichelewa imechelewa. Akatoka uani na mkungu wake wa ndizi kuomba jiko kwa mabinti wa chumba cha mwisho. Wakamcheka kwanza, ndizi na maharage sufuria moja? Akawaambia ngojeni. Wao walikuwa wamenunua ming'oko barabarani, ya kuchemsha na chumvi na pilipili, wakampa, akaigeuza geuza mkononi akauliza hivi hii mizizi mnakula kweli au mnanitania, yule binti wa Masasi alicheka mpaka akakaa chini. Basi toka siku hiyo sikumuona tena anakula peke yake, mpaka majadiliano ya UE, mitihani ya mwisho wa semista, walikuwa wanafanyia uani kwangu, kelele hadi saa sita usiku, nikawa wa kwanza kulalamika.

Kuna anaeniambia mama, vikundi vya dini vya wanafunzi si vipo, TMCS ya Wakatoliki, USCF na CASFETA za Wakristo wengine, TAMSYA ya Waislamu. Vipo na vinafanya kazi kubwa, mtoto akilazwa hospitali ya Ligula hao ndio wanafika wa kwanza na uji. Tatizo mtu anajikuta anajuana na wa dini yake tu, au wa mkoa wake, na yule asiekuwa mtu wa ibada sana anabaki hewani. Gurupu la wasapu la kozi nalo lina watu kibao, CR, kiongozi wa darasa, anarusha ratiba, wote "sawa CR", kimya.

Vyuo navyo, fomu ya kujiunga imeandika chandarua, ndoo, shuka mbili, alafu wiki ya kuwapokea wanawatisha sapu (kurudia mtihani) na disko (kufukuzwa chuo kwa kufeli) mpaka mtoto anatetemeka, wakati angepewa tu mtu wa mwaka wa pili wa kumzungusha, soko lile pale, zahanati hii hapa, kwa huyu mama chakula chake hakiumizi tumbo. Haigharimu hata senti.

Na sisi wenye nyumba tusijitoe. Wapo wenzangu wanaokataza kupika uani eti wanachafua, na mtoto wa watu anakaa kwako mwaka mzima humjui hata jina lake, unamjua kwa namba ya chumba. Mwezi wa Ramadhani ndio tunakumbuka kuwapitishia futari, awe mfungaji asiwe mfungaji, wanafurahi kweli, ila huo ni mwezi mmoja.

Mimi nimeezeka banda la jiko uani, nimeweka na benchi. Anaekuja na mtungi aje nao ila unakaa bandani, chumbani hapikwi. Wawili wamekataa sharti wakahamia nyumba ya pili, hewala, vyumba vyenyewe vimeshapata watu.

Mama mwenye nyumba,
Magomeni, Mtwara.