Vibete vyangu walikataa kula maiti

Bwana Mhariri, salamu toka Katindo, Goma.

Kuna msomaji aliandika mu gazeti yenu kwamba game za ordinateri zinafundisha vijana roho mbaya. Zile za bunduki sitabishana naye, sizichezi. Lakini munipe nafasi kidogo nieleze moja, juu nimeijaribu mpaka mwisho wake na kusema kweli kule kuijaribu kwenyewe kulikuwa kwa roho mbaya.

Inaitwa Dwarf Fortress. Wameitengeneza ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, ikatoka 2006, na ile ya bure iko mpaka leo, picha hakuna, ni maherufi tu yanatembea kwa skrini, njo maana inafunguka hata mu masini yangu ya zamani. Unaanza na vibete saba (sisemi mbilikimo, huku kwetu hilo jina watu wanatukania wenzao), wanachimba mlima, wanalima uyoga chini ya ardhi, wanapika pombe. Na pombe si ya kujifurahisha, kibete akiikosa anafanya kazi pole pole kama baba mkwe aliyefika kwa sherehe akakuta kasiksi, pombe yetu ya ndizi, imeisha.

Sasa mi nikasema ngoja nione huu mchezo utanizuia wapi. Walipofika kama ishirini nikapandisha daraja, nikafunga kila njia, nikaacha mashamba bila kupanda. Chakula ikaisha, pombe ikaisha, wakaanza kukimbiza panya na kuwala. Kiisha wakaanza kufa, maiti zikaozea mule ndani na moshi wa zambarau ukajaa mu vyumba, na kuna mmoja kazi yake ni kuchinja, ana njaa, meza yake iko hatua tatu toka kwa maiti, hakugusa. Nilitafuta amri ya kumlazimisha, hakuna. Mu faili za mchezo kila taifa wameliandikia nini inakubalika na nini haifikiriki, na kwa vibete kula mwenye akili haifikiriki kabisa. Wanaokula adui waliyemuua ni kabila lingine la mule mu mchezo, la msituni, wale wale wanaokuja kukuletea kesi eti umekata miti mingi!

Na sijawa wa kwanza kuujaribu huu mchezo kwa roho mbaya. Kuna mchezaji alifuga nguva, wale nusu mtu nusu samaki, ili apate mifupa yao, juu ilikuwa bei kali, Tarn alipojua akaishusha hiyo bei.

Mi kilichonishinda ni maziko. Mu hii game mfu asiyezikwa anaweza kurudi mzimu, anazunguka mule mule alimokuwa anaishi, na walio hai wanamwona, wanavurugika akili, wengine wanavunja vitu, wengine wanakaa tu hawali mpaka wanakufa. Dawa yake ni jeneza, na kama maiti haipo unachonga jina lake kwa bamba ya jiwe. Nilibaki na watatu. Mmoja mama, mtoto bado amembeba, na mzimu wa bwana yake unapita pale pale anapolala, nikaangalia ile herufi moja inaenda inarudi karibu nusu saa, uji wangu ukapoa.

Mi niko mtu wa hapa, Bwana Mhariri. Usiku wa 22/5/2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilipopasuka tulitembea kwa miguu mpaka Sake, mama alitoka na bidoni ya maji na sufuria ya maharagi isiyoiva, sahani hata moja. Kwa hiyo wachezaji wengine wanapojisifu kumwagia adui lava mi siwezi, sijawahi. Lakini lava ya mchezo ikikutana na maji inageuka jiwe jeusi, kama lile sisi tunajengea tangu volkano ya 2002, na ni kwa jiwe hiyo nilimwambia yule wa tatu achonge. Nikashusha daraja, nikaacha majaribio. Alichonga bamba kumi na saba, jina moja moja, mtoto akiwa bado mgongoni mwa mama.

Huyo msomaji wenu kama yuko Goma aje nyumbani nimwonyeshe, faili niliitunza. Ila aje usiku, mchana kwetu umeme ni bahati.

Msomaji wenu,
Katindo, Goma