Dada, ukija Kilkenny tutaanzia ng'ambo ya mto

Dada yangu,

Salamu zikufikie wewe na wanao. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu niliyotaka kukwambia kwa simu yalinikwama kooni, na kwa sababu wapo kina dada wengi waliopita njia uliyopita wewe, nami ningependa nao wayasikie. Jina lako sitalitaja, wala mtaa wetu.

Juzi uliniuliza: siku moja ya mapumziko umepata, nayo unaimalizia kupanda treni kwenda kutazama mawe? Ndiyo, Dada. Kutoka Dublin hadi Kilkenny, huku Ayalandi, ni mwendo wa kama saa moja na nusu. Mji wenyewe ni mdogo, unazungukwa kwa miguu bila kuchoka, na mambo yake makubwa ya kale yamepangana kwenye mstari mmoja: ngome upande huu, kanisa kuu upande ule. Nilianzia ngomeni, kama waanzavyo wageni wote.

Ngome imekaa juu ya mto Nore. Wanormani, wale wenye asili ya Ufaransa waliokuwa wakiitawala Uingereza, walipoivamia Ayalandi katika karne ya 12, kiongozi wao aliyejulikana kama Strongbow alijenga hapo ngome ya miti, kisha mkwewe, William Marshal, akaijenga kwa mawe. Ilikuwa na minara minne, leo imebaki mitatu. Ukoo wa Butler uliinunua mwaka 1391 na kuishikilia hadi 1967, ulipowaachia watu wa mji kwa pauni 50 tu. Ni pazuri, kuna bustani pana na miti mikubwa. Lakini ndani ni picha za mabwana na mabibi ukuta mzima, na mimi nilikuwa namtafuta mtu ambaye hakuna aliyemchora.

Nikashika barabara kuu, nikaingia kichochoro kiitwacho Butter Slip. Ungekipenda, kimenikumbusha njia zetu za mji wa kale, watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibanze ukutani. Humo zamani waliketi wauza siagi. Unashuka ngazi, unatokea mtaa wa Kieran, na hapo ipo nyumba ya mawe ambayo leo ni baa na mkahawa. Inaitwa kwa jina la Alice Kyteler.

Alice alikuwa tajiri wa Kilkenny, mkopeshaji wa fedha, aliyeolewa mara nne. Mume wa nne alipoanza kudhoofika, watoto wake wa kambo walikwenda kwa askofu. Walidai kwamba Alice amewaua waume zake kwa sumu na uchawi, ana jini anayelala naye, na mali yote anamrundikia mwanawe wa kwanza, William Outlaw. Hiyo ilikuwa mwaka 1324. Askofu, Richard de Ledrede, Mwingereza, aliishikilia kesi kwa meno. Naye Alice alikuwa na watu. Mmoja wao, Arnold le Poer, mkuu wa serikali wa eneo lile, alimkamata askofu mwenyewe na kumfungia siku 17 katika ngome ile ile niliyoanzia matembezi. Pima, Dada, uzito wa mwanamke ambaye kwa ajili yake askofu anatiwa ndani!

Alice alikuwa na mtumishi wa ndani. Petronilla wa Meath. Sasa ndipo nafika kwenye niliyotaka kukwambia.

Kesi ilipogeuka, Alice alitoroka, inasemekana kwenda Uingereza, na habari zake zikaishia hapo. William Outlaw alitubu. Akapewa adhabu ya kusikiliza misa tatu kila siku kwa mwaka mzima, kulisha maskini, na kulipia risasi, yale madini mazito, ya kuezekea sehemu ya paa la kanisa kuu. Petronilla hakuwa na jahazi wala risasi. Alichapwa mara sita kwa amri ya askofu, akakiri kila alichoambiwa akiri, na tarehe 3 Novemba 1324 akachomwa moto hadharani, akiwa hai. Kabla yake haikuwa imesikika katika Ayalandi mtu kuuawa kwa kosa la uzushi wa dini. Inasemekana binti yake aliondoka pamoja na Alice. Nimelifikiria sana hilo: kama ni kweli, basi mama aliuona moto akijua mtoto yuko salama, tena mikononi mwa yule yule ambaye kwa ajili yake anaungua.

Nilisimama nje ya nyumba ile, watu wanaingia na kutoka wakicheka, na niliyekuwa namwona ni wewe. Ulivyorudi kutoka kazi za ndani kule Muscat, Omani, na begi moja. Ile bangili ya dhahabu iliyopotea, na kwamba hawakuuliza mtu mwingine yeyote mle ndani, wewe tu. Siku 11 ulizolala kituo cha polisi. Bangili ilipoonekana kwenye mkoba wa binti wa nyumba, kafili wako, yule mwajiri aliyekudhamini, alikukatia tiketi akaona amemaliza. Mama alitusihi tusikuulize neno, nasi tukatii, na nadhani tulikosea. Ungeulizwa, ungesema.

Petronilla aliulizwa na watu wenye mjeledi tu. Hata hivyo jina lake limebaki, limo katika maandishi ya Kilatini ya kesi ile. Kifo chake pia kimo katika kumbukumbu za mtawa mmoja Mfransisko wa hapo Kilkenny, John Clyn. Mabaki ya nyumba yao ya watawa bado yamesimama, pahali palipokuja kuwa kiwanda cha bia. Miaka 25 baadaye, tauni kuu ilipokuwa inawamaliza watu, Clyn aliandika kwamba anakaa kati ya wafu akisubiri kifo, na kwamba anaacha ngozi za kuandikia ili kazi iendelezwe, ikiwa atasalia mtu. Hapo kwake nilikaa muda mrefu kuliko ngomeni.

Mbele kidogo unavuka kijito kiitwacho Breagagh, jina linalotokana na neno la Kiairishi la uongo. Mto Muongo. Ng'ambo yake ni Irishtown, mji wa Wairishi, na huku ni mji wa Waingereza waliohamia. Mwaka 1366 bunge lililokutana hapa lilipiga marufuku walowezi kuoana na Wairishi, kusema Kiairishi miongoni mwao, hata kucheza hurling, ule mchezo wa magongo. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani. Leo Kilkenny ndiyo kaunti iliyotwaa ubingwa wa Ayalandi wa hurling mara nyingi kuliko zote, na siku niliyokuwa pale watoto walikuwa wanapita na magongo yao begani.

Kanisa kuu la Mtakatifu Canice liko juu ya kilima. Lile paa la risasi halikudumu: mwaka 1332 mnara wa kanisa uliporomoka, na wapo wasemao ni uzito wa toba ya William. Ndani limo kaburi la askofu Ledrede, sanamu yake ya jiwe imelala kwa utulivu, mikono kifuani. Nilitoka upesi.

Uani kuna mnara wa duara, mrefu kama mita 30, mkongwe kuliko kanisa lenyewe na kuliko Wanormani wote. Unapanda kwa ngazi za mbao zilizosimama wima, huku umeshika kamba ya moyo. Juu kabisa, mji wote uko chini yako, paa kwa paa, na ngome inaonekana ndogo kule mwisho.

Viza yako ikitoka, nitaomba likizo. Tutaanzia huku Irishtown, tuvuke Mto Muongo, ngome tuiache ya mwisho, tukiwa na nguvu. Pale mtaa wa Kieran tutasimama. Tutamwombea Petronilla, wewe kwa dua yako, na kisha, ukipenda, utanisimulia zile siku 11. Nitakuwa na daftari. Njoo na viatu vya soli nzito, mawe ya Butter Slip yakilowa mvua huteleza.

Mdogo wako.