Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mgonjwa mpya, mzigo wa zamani

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya presha. Mtu akigundulika leo, kadi yake huandikwa "mgonjwa mpya", na maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nikuandikie. Kipya ni kipimo tu. Presha haiumi, kwa hiyo huenda amekaa nayo miaka bila kujua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya juu, na karibu nusu yao hawana habari.

Miaka yote hiyo moyo ulikuwa kazini. Chemba ya chini ya kushoto, inayosukuma damu mwili mzima, hupambana na mishipa iliyokaza, na kama msuli wowote unaobebeshwa mzigo, hunenepa. Mnyanyua vyuma angejivunia. Moyo hauna cha kujivunia. Ukuta mnene hukakamaa, ukashindwa kulegea na kupokea damu kati ya pigo na pigo. Damu hurudisha msukumo nyuma, chemba ya juu ikatanuka, na mapafu nayo yakaanza kuelemewa.

Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Nguvu ya kusukuma yaweza kuwa ya kawaida kabisa, asilimia 60 ya damu ikitoka kwa kila pigo. Tunamwambia mgonjwa moyo wake mzima, naye anahema akipanda ngazi. Takriban nusu ya watu ambao moyo umeshindwa kazi wako hivyo: moyo unasukuma vizuri, ila haujai vizuri.

Ombi langu ni dogo. Kila anayegundulika apimwe umeme wa moyo mapema. Kipimo hicho hupitwa na mioyo mingi iliyonenepa, nakiri. Basi mwenye kuhema, kuvimba miguu au mapigo yasiyo na mpangilio apewe rufaa ya eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hata kama karatasi ya umeme ni safi. Dawa zisisubiri majibu. Mwongozo wa Shirika hilohilo wa mwaka 2021 unataka vipimo visicheleweshe tiba.

Na si kazi bure. Ukuta ulionenepa hupungua ukitibiwa, tena dawa hazilingani: katika utafiti wa LIFE uliochapishwa mwaka 2002, wagonjwa zaidi ya 9,000, losartan ilipunguza dalili za unene huo kuliko atenolol, ingawa presha ilishuka karibu sawasawa.

Kadi ninazojaza zina nafasi ya presha, uzito na tarehe ya kurudi. Ya moyo haimo. Tukiongezewa mstari mmoja tu, tutaujaza.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa kliniki ya presha