Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekuja kupiga picha za tai

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniuliza kama tununue samaki wa kuwarushia tai utakapofika huku Iowa, Marekani, mwezi wa Januari. Ninajua swali hilo limetoka wapi, kwani kule Naivasha mwendesha boti hupiga mluzi, akarusha samaki majini, na furukombe akashuka mbele ya kamera yako. Huku hatutafanya hivyo.

Tai wa huku, mwenye kichwa cheupe, ni ndugu wa karibu wa furukombe. Mto Mississippi unapoganda, tai hao hukusanyika chini ya bwawa namba 14, karibu na mji wa LeClaire, kwa sababu maji yanayopita kwenye malango yake hayagandi, na samaki waliolegezwa na msukosuko wa maji hayo huelea juu. Kwa ndege aliyetulia mtini kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, kila mruko usio wa lazima humpunguzia nguvu anazozihitaji ili auvuke usiku. Ukimsogelea akaruka, wewe utapata picha ya mgongo wake, na hasara itakuwa yake. Sheria ya mwaka 1940 inakataza kumsumbua, lakini hata isingekuwapo ningekuomba vivyo hivyo. Mwaka 1963 jozi zenye viota zilizojulikana katika majimbo 48 ya Marekani, yaani bila Alaska na Hawaii, hazikufika 500. Dawa ya kuua wadudu iitwayo DDT ilikuwa imeyafanya maganda ya mayai yao kuwa membamba, na haikupigwa marufuku huku hadi mwaka 1972.

Kwa hiyo tutasubiri garini, vioo tumeshusha na hita tumezima, maana hewa ya moto inayotoka dirishani huitia picha ukungu. Vidole vitakuuma sana. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Tai akiinama mbele na kujisaidia, uwe tayari, kwani mara nyingi anakaribia kuruka. Theluji huidanganya kamera ikatoa picha ya kijivu, hivyo ongeza mwanga kidogo; ila akipita juu ya maji meusi upunguze, la sivyo kichwa chake kitakuwa doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Tukirudi, kamera ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kabla hatujafungua mlango wa nyumba, ikae humo hadi ipate joto, ili mvuke usitande kwenye lenzi.

Koti na glavu nimeshakuwekea. Wasalimie baba na mama.

Dada yako